Je, wajua kwa nini mhudumu wa ndege hupata mionzi mingi kuliko mtaalamu wa eksirei?

Ukiingia katika chumba cha eksirei cha hospitali kubwa jijini Dodoma, utaona mlango mzito wenye bamba la risasi (ile metali nzito), aproni inayoning'inia ukutani, na kifaa kidogo kilichobanwa kifuani mwa mtaalamu ili kurekodi mionzi inayomfikia. Kilomita chache kutoka hapo, uwanjani, mhudumu wa ndege hupanda ngazi akiwa na sare yake na kitambaa shingoni, bila kifaa cha namna hiyo. Hata hivyo, kwa wastani wa dunia, ni huyu wa pili anayepata mionzi mingi zaidi kazini: takriban milisiveti 2 hadi 5 kwa mwaka, ilhali wafanyakazi wengi wa eksirei hawafikii hata 1. Milisiveti ni kipimo cha mionzi kwa kadiri ya madhara yake mwilini, na kila mmoja wetu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutokana na vyanzo vya asili.

Mionzi hiyo inatoka wapi? Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waliamini kwamba mionzi ya asili hutoka ardhini, kwenye miamba kama hii ya granaiti inayotuzunguka hapa Dodoma, na ni kweli kwamba miamba hutoa kiasi chake. Mwaka 1912, mwanafizikia wa Austria, Victor Hess, alipanda na vipimo vyake katika puto hadi zaidi ya mita 5,000, akitarajiwa kukuta mionzi ikipungua kadiri anavyoiacha ardhi. Ilipungua kidogo mwanzoni, kisha ikaongezeka, na huko juu ikawa mingi kuliko chini. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1936. Leo tunajua kwamba mionzi hiyo ni chembe ndogo mno, nyingi zikiwa protoni (chembe za kiini cha atomu), zinazosafiri kutoka nje kabisa ya mfumo wetu wa jua, na inaaminika kwamba nyingi hurushwa na milipuko ya nyota zinazokufa.

Kinachotukinga sisi tulio chini ni hewa yenyewe. Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na bado sehemu kubwa ya hewa ya dunia iko juu ya vichwa vyetu, ikipokea mapigo hayo kwa niaba yetu. Ndege kubwa ikifika kilomita 11, hewa iliyobaki juu yake ni chini ya robo. Chembe hugonga viini vya naitrojeni na oksijeni na kuzaa chembe nyingine, zikiwamo nyutroni, ambazo hupenya bodi ya ndege bila shida. Bamba la risasi linalofaa hospitalini halingefaa huku: lingeilemea ndege, na chembe zenye nguvu kiasi hiki zikigonga metali nzito huzaa nyingine zaidi.

Kwa hili, sisi tulio karibu na Ikweta tumebahatika. Sumaku ya dunia hukengeusha chembe nyingi katika ukanda wetu na kuziachia njia karibu na ncha za dunia, kwa hiyo saa moja angani juu ya Tanzania huwa na mionzi kidogo kuliko saa moja, kwa kimo kilekile, kwenye njia ya Ulaya kwenda Marekani ya Kaskazini.

Tangu 1990, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi imependekeza kwamba mionzi inayowapata wafanyakazi wa ndege za jeti ihesabiwe kuwa ya kazini. Naona ni haki yao, kwani tafiti kadhaa zimekuta saratani ya ngozi na ya matiti kwa wingi zaidi miongoni mwao, ingawa kukesha na kuvuka majira ya saa kunafanya iwe vigumu kusema ni mionzi peke yake. Anayehitaji uangalizi wa kwanza ni mhudumu mjamzito: mara anapotoa taarifa, kiwango kinachopendekezwa ni kwamba mtoto aliye tumboni asizidi milisiveti 1 kwa muda uliosalia. Safari chache za masafa marefu zaweza kukimega kiwango hicho haraka, ndiyo maana kumpangia safari fupi za kimo cha chini, kama hii ya Dodoma na Dar es Salaam, au kazi ya ardhini, ni kinga halisi.