Kikopo cha kalamu cha mninga: kwa nini Dodoma tunakereza mara mbili

Kikopo cha kalamu kikipasuka mezani mwezi mmoja baada ya kununuliwa, mara nyingi mti hauna kosa. Kilianzwa na kumalizwa siku hiyohiyo, na kwa Dodoma hiyo ni hatari. Kuanzia Mei hadi Novemba huku mvua karibu hakuna, upepo hautulii, na mti unapoteza maji haraka kuliko ungekuwa Tanga au Dar es Salaam. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, vitu vya mezani vinaulizwa sana, na fundi anashawishika kuharakisha. Mimi nasema tusiharakishe.

Tuanze na mti. Mbuyu, pamoja na kujaa kila upande wa mji, hauna mbao. Ni nyuzi na maji tu. Mwarobaini unakerezeka, ila nyuzi zake hupishana na zinataka patasi kali kwelikweli. Chaguo langu ni mninga, kwa sababu unasinyaa kidogo sana ukikauka. Wala huhitaji kununua gogo. Mafundi wa milango hubakiwa na vipande vya fremu, mbao za 2 kwa 6. Kata viwili vyenye upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 5, vipige randa mpaka ukivikutanisha mwanga usipite, paka gundi ya mbao, bana kwa klampu, acha vilale. Nyuzi zote zifuate urefu. Anayetumia tawi ahakikishe kiini cha katikati hakimo, maana ufa huanzia hapo.

Kabla ya kuwasha mashine ya kukerezea, ile inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga: vua glavu, kunja mikono ya shati, vaa miwani na barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na kubana kifua. Zungusha bonge kwa mkono kwanza uone haligusi kiegemeo cha patasi, kisha simama pembeni ndipo uwashe.

Mzunguko wa kwanza uwe wa polepole, kama 600 hadi 800 kwa dakika, mpaka pembe zote ziishe. Upande wa chini acha kishikizo kifupi cha kubanwa na taya za mashine. Baada ya kukibana, toboa katikati kwa drili mpaka kina unachokitaka, halafu panua tundu kwa bobari, yaani patasi yenye makali ya mviringo.

Nje, patasi hutoka penye unene kwenda penye wembamba. Ndani, unaanzia kwenye tundu la katikati na kuvuta kuelekea ukingoni, kwa sababu nyuzi zimesimama zikikutazama. Ukikata kwa mwelekeo huo, kila unyuzi unaokatwa una mwingine chini yake unaoushikilia. Ukienda kinyume zinang'oka, ukuta unabaki na manyoya, na hakuna msasa utakaoyaondoa vizuri. Sikiliza pia: patasi kali inatoa maranda marefu na sauti laini. Ikianza kutoa vumbi, rudi kwenye jiwe ukanoe.

Sasa simama. Kikopo cha kipenyo cha sentimita 9 kiachie ukuta wa sentimita 1 hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi ya kipenyo. Paka nta mdomoni na kwenye kitako, kitie ndani ya mfuko wa kaki pamoja na maranda yake, ukiweke ndani mbali na upepo. Kila wiki kipime kwa mizani ya jikoni na uandike gramu kwa penseli kwenye kitako. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka.

Sababu ya kusubiri ni kwamba mti hausinyai sawasawa. Kufuata mzingo wa pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, kwa hiyo duara hugeuka umbo la yai. Ule unene uliouacha ndio unaokuwezesha kulirudisha duara. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huufikisha mti kwenye unyevu wa karibu asilimia 9. Hewa ya asilimia 80, karibu 16. Kikopo cha Dodoma cha mwezi Agosti kikipelekwa Dar es Salaam kitavimba kidogo. Mteja akitaka kifuniko, kiache kicheze.

Mkerezo wa pili ni raha. Ongeza mizunguko hadi kama 1,500, shuka mpaka kipenyo cha sentimita 8, kina 8 na nusu, na sakafu isiyopungua sentimita 1. Kalamu ya kawaida itachomoza vizuri bila kukipindua kikopo. Kitako kikwangue kiwe na bonde dogo katikati, kisimame kwa ukingo wake. Msasa: 120, 180, 240, 320, bila kuruka hata mmoja.

Kwa kung'arisha sitaki vanishi, inaufanya mninga ufanane na plastiki. Nta ya nyuki, ambayo huku kwetu na Singida inapatikana, iyeyushe kwenye mafuta ya linsidi, sehemu moja kwa tatu, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto. Mashine ikiwa inazunguka paka kwa karatasi laini. Kitambaa kikinaswa huvuta vidole. Karatasi na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo usivikunje na kuvirundika, maana hujipasha vyenyewe na vinaweza kushika moto. Vianike nje, kimoja kimoja, vikakamae ndipo uvitupe.