Muhuri wa mwenyekiti si idhini ya kijiji

"Wakili, mimi nilinunua kihalali, mwenyekiti mwenyewe aligonga muhuri." Maneno haya nimeyasikia mno, na karibu kila mara anayeyasema ameshapanda miti, ameshajenga, na sasa ana wito wa baraza mkononi. Naanza nayo, na nikikaa nayo muda mrefu kuliko mengine mnivumilie.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji Tanzania inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Halmashauri hiyo ina wajumbe 15 hadi 25, wenyeviti wa vitongoji wakiwemo, na huamua ikiwa imekaa kikao. Mwenyekiti kazi yake ni kukiongoza. Akiwa peke yake chini ya mwembe na muhuri mfukoni, ni shahidi mmoja zaidi kwenye karatasi yako, basi. Shamba la kijijini likiuzwa bila idhini ya halmashauri, mauziano hayo ni batili. Wala jambo hili halikuletwa na sheria ya 1999. Mahakama ya Rufani ilishaamua hivyo mwaka 1985, na hadi leo watu wananunua kwa muhuri.

Batili maana yake shamba linarudi, na wewe unaambiwa ukamdai muuzaji hela yako. Muuzaji yupi? Hela alishanunulia pikipiki, pikipiki nayo imeshakufa. Au amefariki, na watoto wake wanakuuliza wewe ni nani.

Kinachonikera kuliko vyote ni ile asilimia 10 "ya mwenyekiti". Watu wanailipa kwa unyenyekevu kama vile ni kodi, wengine hata wanaiandika kwenye karatasi ya mauziano! Hakuna kifungu cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinachompa mwenyekiti fungu la bei ya shamba la mtu. Ada halali ya kijiji, kama ipo, inaingia kwenye mfuko wa kijiji na unapewa stakabadhi. Usipopewa stakabadhi, umempa mtu zawadi. Na ukiniambia "kwetu ndivyo tunavyofanya wote", nitakujibu kwamba mkifanya wote, mtashtakiwa wote.

Ushauri wangu hauna ugumu wowote. Kabla hujatoa hela, mwombe mtendaji wa kijiji nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri. Yeye ndiye katibu, na kuutunza ni kazi yake. Uangalie tarehe, majina ya wajumbe waliohudhuria, na ajenda inayolitaja shamba lenyewe. Ukiambiwa kwamba muhtasari "utaandikwa baadaye", rudi nyumbani na hela zako.

Ikiwa ardhi si ya mtu, yaani kijiji ndicho kinachokugawia, hata halmashauri peke yake haitoshi. Mkutano mkuu wa kijiji lazima uridhie kwanza. Hapo ndipo wanapoponzwa wageni wenye mitaji, wanaofika na ahadi ya zahanati na kuondoka na saini tatu. Kuihamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla (yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi), hadi hekta 250, kunahitaji kuidhinishwa na mkutano mkuu. Eneo likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri, baada ya kuyazingatia mapendekezo ya wanakijiji.

Tukiwa kwenye mkutano mkuu: wengi wanadhani ni wa kusomewa mapato na matumizi, kisha kupiga makofi. Mkutano huo ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ndio wenye kauli ya juu katika sera za kijiji. Halmashauri inatakiwa kuutolea taarifa jinsi inavyosimamia ardhi. Msipouliza, msitegemee mtu ajitolee kuwaeleza.

Wengine wananiambia hati ya hakimiliki ya kimila ni karatasi ya kijijini tu, haina uzito wa hati ya mjini. Si kweli. Sheria inasema haki hizo mbili zina hadhi sawa.

"Mila yetu mwanamke harithi shamba." Mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi kwa sababu ni mwanamke ni batili, na sheria hiyohiyo ya 1999 imeandika hivyo. Sina la kuongeza.

Na wapo wanaokuja wamekata tamaa kwa sababu "baraza la kijiji limenihukumu". Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, na kazi yake ni kusuluhisha. Hukumu haliwezi kutoa. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, limebakiwa na usuluhishi tu. Usuluhishi ukishindikana, baraza la kata linatakiwa kukupa hati inayosema hivyo, nawe unakwenda nayo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wakikuzungusha, hesabu siku: zikipita 30 bila suluhu, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hati hiyo.