Bunduki Ikipiga Teke Kupita Kiasi, Chunguza Gesi Kabla ya Kulaumu Bega

Kiangazi, askari wa doria wanaporudi kutoka pori la Ugalla, ombi linalofika ghala la silaha mara kwa mara ni hili: "Fundi, hii bunduki ina teke, nibadilishie." Mara nyingi mlalamikaji ana haki. Lakini kumbadilishia si tiba, maana ile yenye kasoro atakabidhiwa mwenzake kesho yake, nayo itaendelea kujitafuna ndani. Haya ni maelezo kwa askari wa uhifadhi wa Tabora na Kigoma, na kwa yeyote anayekabidhiwa kazini bunduki ya nusu otomatiki, yaani ile inayotema ganda na kupakia risasi nyingine yenyewe kila inapofyatuliwa.

Kwanza tuelewane teke linatoka wapi. Sehemu moja haikwepeki: risasi na moshi wa baruti vikienda mbele, bunduki lazima irudi nyuma. SKS ya Kirusi ina uzito wa karibu kilo 3.9, na risasi yake ya takriban gramu 8 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 735 hivi kwa sekunde. FAL ya Ubelgiji, ambayo Waingereza waliiita SLR, ni nzito kidogo tu, inazidi kilo 4, lakini inasukuma risasi ya gramu 9.5 kwa mita 840 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana aliyezoea SKS akishika FAL anaona amepigwa karibu mara mbili. Hapo hakuna kilichoharibika. Ni bunduki yenyewe ilivyo.

Sehemu ya pili ndiyo inayomhusu fundi. Katika bunduki hizi, mtutu una tundu dogo. Risasi ikishalipita, gesi kidogo huchepuka na kusukuma pistoni, pistoni nayo inasukuma kibeba bolti kurudi nyuma (bolti ni kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma wakati wa kufyatua). Ni kama pampu ya baiskeli inayofanya kazi kinyume: badala ya mkono kusukuma hewa, hewa inasukuma mkono. Springi ya kurudishia hupunguza mwendo ule, kisha inarudisha bolti mbele pamoja na risasi mpya. Gesi ikizidi, au springi ikichoka, kibeba bolti hufika nyuma kikiwa bado na kasi kubwa na kugonga mwili wa bunduki chuma kwa chuma. Mfyatuaji makini huhisi mapigo mawili yanayofuatana: la risasi, halafu lile la kugonga. Hilo la pili ndilo tunaloweza kulipunguza, na ndilo linalopasua vipuri.

Kabla ya kugusa chochote, toa magazini (ya SKS haichomolewi, ifungue kwa chini umwage risasi), vuta bolti, angalia kwa macho chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, kisha ingiza kidole uhakikishe. Giza likiwepo, kidole ndicho shahidi.

Sasa okota maganda. Ganda linaeleza mengi kuliko mfyatuaji. Likirushwa mbali isivyo kawaida ya bunduki hiyo, huku ukingo wa kitako chake umekwaruzwa au kung'olewa kipande na ndoano ya bolti, gesi ni nyingi. Likidondoka karibu na miguu, au likabanwa mlangoni bila kutoka, gesi ni haba au kuna uchafu. Fungua na mfuniko wa mwili wa bunduki utazame mahali kibeba bolti kinapofikia kikomo nyuma. Mng'aro kidogo ni wa kawaida. Chuma kilichopondeka na kufura kingo si cha kawaida, na bunduki hiyo irudi ghalani leo, isingoje doria iishe.

Gesi inazidije? Hapa nakaa kidogo, kwa sababu chanzo kikubwa ni mikono yetu wenyewe. FAL ina kirekebishi cha gesi, pete ndogo inayozungushwa. Wakati wa vumbi, pistoni imejaa masizi, bunduki inaanza kukwama. Askari anaikaza ile pete ili gesi nyingi zaidi iende kwenye pistoni, na kweli bunduki inapiga bila kukwama. Jioni anaisafisha vizuri, anaipaka mafuta, anaikabidhi. Pete inabaki palepale ilipo. Kesho yake bunduki safi inasukumwa na gesi iliyopimiwa bunduki chafu. Miezi ikipita hivyo, springi inalegea, kugonga kunazidi, na atakayeipokea anaambiwa bega lake ni laini.

Utaratibu wa FAL ni wa zamani na haujapitwa na wakati. Silaha ikiwa safi, katika uwanja wa shabaha, fundi hufungua pete hadi gesi nyingi ivujie nje, kisha hupakia risasi moja tu kwenye magazini na kufyatua. Bolti haitafika nyuma vya kutosha kubaki wazi, kama inavyopaswa magazini ikiisha. Anakaza hatua moja, anarudia, mpaka bolti ianze kubaki wazi kila mara. Akishapata hapo anaongeza hatua mbili za akiba kwa ajili ya vumbi na uchafu, anaacha. Ni akiba ya kutosha. Wanaoongeza tano "kwa usalama" wanailipia kwa vipuri.

SKS ya kawaida haina kirekebishi. Asikudanganye mtu kwamba tundu lake linaweza kupanuliwa kwa kekee au pistoni ikapigwa tupa ikawa bora. Chuma kikishaondolewa hakirudi. Kwenye SKS tunashughulika na vitu vitatu tu: usafi, aina ya risasi na springi. Risasi za mchanganyiko, hizi za kiwanda kile na zile za miaka mingine, zinaweza kutoa msukumo tofauti katika magazini moja, hivyo zitenganishwe. Springi ipimwe urefu kando ya mpya, na iliyofupika itupwe. Nimewahi kuona springi zilizovutwa kwa mkono zirefuke, eti zimepona. Zinasinyaa tena upesi. Vipande vya mpira wa tairi vinavyowekwa ndani kupunguza kugonga navyo sivipendi hata kidogo: vinafupisha safari ya bolti, na vikikatika, mabaki yanakwamisha bunduki wakati usioutaka.

Usafi nao una siri yake. Baadhi ya risasi za zamani za Kirusi na Kichina zina fataki, yaani kiwashio cha baruti kitakoni mwa ganda, inayoacha chumvi mtutuni na kwenye silinda ya gesi. Chumvi hiyo hunywa unyevu wa hewa na kuzaa kutu, na wenzetu wa Kigoma, ziwa likiwa mlangoni, wanaijua kutu hiyo kuliko sisi wa Tabora. Mafuta hayaiyeyushi. Maji ya moto ndiyo dawa, yafuatiwe na kukausha kabisa, mafuta mwisho. Pistoni na silinda ya gesi viachwe vikavu, kwani mafuta huko huungua yakawa masizi. Na SKS nyingi hazina springi ya kuishikilia pini ya kufyatulia. Ikikwama mbele kwa grisi au uchafu, bunduki inaweza kujifyatua bolti inapofunga. Bolti hiyo isafishwe ndani, isijazwe grisi.

Bega lenyewe halihitaji maneno mengi. Kitako kikae kwenye nyama ya bega, si kwenye mfupa wa mtulinga, na mwili uinamie mbele kidogo. Mwenye mikono mirefu afungiwe mpira wa kitako kwenye SKS, maana kitako chake ni kifupi. Kifaa cha mdomo wa mtutu kinachotupa gesi pembeni kinapunguza teke kweli, lakini kishindo chake kinahamia kwenye masikio ya aliye kando yako, na doriani hutembei peke yako. Kwa kazi yetu sikipendekezi.

Marekebisho ya gesi na ubadilishaji wa springi ni kazi ya fundi silaha aliyeidhinishwa, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikuachi ujifanyie karakana nyumbani. Unachotakiwa kuleta ghalani ni bunduki, maganda matano au sita uliyoyaokota, na aina ya risasi ulizotumia. Fundi ataandika kwenye kadi ya silaha hatua ya pete aliyoiacha na tarehe ya springi mpya. Anayeipokea baada yako aisome kadi hiyo kabla ya kutia sahihi.