Kujifungia nyumbani kuandika riwaya wakati wa baridi: dhana potofu na ukweli

Kila majira ya baridi yanapokaribia, watunzi ninaowahariri huniletea kauli ile ile kwa maneno tofauti: kwamba riwaya yao haijakwama kwa sababu nyingine yoyote ila ukosefu wa muda, na kwamba wakijifungia nyumbani wiki mbili au tatu, simu imezimwa na mlango umefungwa, watatoka na mswada kamili. Nimeisikia mara nyingi mno, na sasa imenichosha. Muda ni muhimu, sibishi. Lakini mtunzi ambaye hajui mhusika wake mkuu anataka nini hatalijua hilo kwa sababu tu nje kuna baridi na yeye hana pa kwenda.

Mfano wanaopenda kunitajia ni wa mtunzi wa Uingereza Kazuo Ishiguro, ambaye mwaka 1987 alijifungia nyumbani kwake London kwa wiki 4, akaandika The Remains of the Day, riwaya inayosimuliwa na mtumishi mkuu wa jumba la Kiingereza, iliyompatia tuzo ya Booker mwaka 1989. Wengi huishia hapo, kana kwamba mlango uliofungwa ndio ulioandika. Maelezo aliyoyatoa mwenyewe baadaye yanasema mengine. Aliandika kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nne na nusu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, akipumzika kwa chakula cha mchana na cha jioni tu, na mkewe alikubali kubeba zamu yake ya kupika na kazi za nyumbani. Kabla ya kuanza alikuwa amekwisha kusoma sehemu kubwa ya alichohitaji kuhusu watumishi wa majumba ya Kiingereza na siasa za kipindi cha hadithi yake, na sauti ya msimulizi wake ilikuwa imekwisha kumkaa akilini. Na alichotoka nacho kilikuwa rasimu mbichi, ambayo ilihitaji muda mwingine mrefu wa kuandikwa ipasavyo. Anayetaka kumuiga aige na maandalizi, si kufuli peke yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia ameomba likizo ili aandike, simuulizi ana siku ngapi. Namwomba anionyeshe mpango wa matukio yake, na mara nyingi hapo ndipo mazungumzo yanapopoa. Sentensi kama "Sura ya saba: ndugu wawili wanagombania nyumba" ni kichwa cha habari tu, na hakuna awezaye kukaa mezani asubuhi akaiandika. Tukio linaloandikika husomeka hivi: dada mkubwa amekuja kuchukua hati ya nyumba, mdogo wake ameificha chini ya godoro ambalo dada huyo amelikalia, na anamwandalia chakula polepole ili mnunuzi anayesubiri nje achoke na kuondoka. Hapo tunajua nani yumo chumbani, anataka nini, nani anamzuia, na kwa nini hawezi kusubiri hadi kesho. Mwenye matukio ya namna hiyo yanayotosha siku zake za kujifungia atapata faida kubwa. Asiye nayo ataitumia wiki ya kwanza kupanga rafu za vitabu na kuandika upya ukurasa wa kwanza, kisha atailaumu familia yake kwa kelele.

Dhana hii ina pacha wake, yaani imani kwamba siku nzima iliyo wazi ni siku nzima ya kuandika. Anthony Trollope, aliyeandika riwaya 47 na kwa miaka mingi alikuwa mtumishi wa Posta ya Uingereza, aliandika takriban saa 3 kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, saa yake ikiwa mbele yake, akijiwekea lengo la maneno 250 kila robo saa. Sipendekezi kila mtu ahesabu maneno hivyo. Mimi huhesabu matukio, kwa kuwa maneno ni rahisi kuyaongeza bila hadithi kusonga. Hata hivyo, watunzi wengi ninaowafahamu huandika vizuri kwa saa chache tu, na zinazobaki zina kazi nyingine: kusoma yaliyoandikwa jana, kutembea, kupanga tukio la kesho. Ushauri ninaourudia hadi kuchosha ni kuacha kuandika wakati bado unajua sentensi inayofuata, ili asubuhi usianze na ukurasa mtupu.

Wapo wanaoamini kwamba baridi yenyewe huleta ilhamu. Inacholeta, kwa uzoefu wangu wa kusoma miswada ya msimu huo, ni wahusika waliosimama dirishani wakiwaza huku wameshika kikombe cha kitu cha moto. Mandhari ya chumba cha mtunzi hupenya kwenye riwaya bila yeye kujua, hata kama hadithi inatokea jangwani. Yakague hayo kwanza unapohariri.

Usiku mrefu nao husifiwa bure. Katika nchi za kaskazini jua la Desemba huweza kuzama saa kumi jioni, na anayeamka adhuhuri baada ya kuandika hadi alfajiri hubakiwa na mwanga kidogo sana wa mchana. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili. Ukiukosa siku nyingi mfululizo, usingizi huvurugika na umakini hupungua. Toka nje mapema, hata kama kuna mawingu.

Kuhusu pombe ya "kupasha mwili joto", hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo unahisi joto huku mwili ukilipoteza. Vidole vya baridi huchapa polepole. Tatizo hilo hutatuliwa na chumba chenye joto la kutosha, angalau nyuzi 18 za Selsiasi ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, na dirisha linalofunguliwa dakika chache kila baada ya muda, maana hewa nzito ya chumba kilichofungwa husinzisha.

Mwisho, mswada wa kujifungia hauko tayari kwa mchapishaji. Naupokea mara kwa mara siku ile ile ulipomalizika, ukiwa na mhusika aliyebadilishwa jina katikati na barua muhimu ambayo hakuna aliyeifungua. Uweke kando mwezi mmoja, uuchapishe kwenye karatasi, usome kwa sauti ukiwa na kalamu mkononi, kisha ndipo uniletee.