Kabla Sijakutoa Damu, Jana Ulifanya Nini?

Kijana alikuja dirishani kwetu Jumatatu asubuhi, karatasi ameikunja mara nne. Alikuwa ameitwa kazini, akatakiwa kupima afya kwanza, na kituo alichopima kilimrudishia majibu yenye maelezo ya mstari mmoja: ini lina shida, aache pombe. "Shikamoo dokta," akaniambia, "mimi pombe hata kuionja sijawahi." Mimi si daktari, ni mtu wa maabara. Lakini ukikaa nyuma ya mashine ya kemia ya damu miaka kumi na saba, unaacha kubishana na jina hilo.

Nikaifungua karatasi. AST, kimojawapo cha vipimo vya ini, 212, wakati kikomo cha juu ni kama 40. ALT, ndugu yake, 88. Bilirubini na GGT, navyo vipimo vya ini, ni vya kawaida, homa ya ini B hana. Ndipo nikaacha karatasi nikamtazama mwenyewe: mikono ya fulana imembana, na alipokaa kwenye benchi alijishusha taratibu kama mzee wa magoti. Nikamuuliza, kabla ya kupima ulifanya nini? "Siku mbili kabla nilipiga tizi, dokta. Vyuma. Nilikuwa nimeacha kama miezi miwili, nikasema nirudi kwa nguvu."

Basi. AST tumezoea kuiita kipimo cha ini, na kweli ini linayo. Ila misuli nayo inayo tele, na hata ALT imo kidogo. Msuli ukifanyishwa kazi usiyoizoea, hasa ile ya kushusha uzito polepole, nyuzi zake huchubuka ndani kwa ndani, na vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili, AST na ALT zikiwemo) vilivyokuwa vimefungiwa humo huvujia kwenye damu. Mashine yangu huhesabu tu. Haiulizi kimetoka nyumba gani. Kinachosema ukweli hapo ni CK, kimeng'enya ambacho makao yake hasa ni misuli. Kikomo cha juu kwa mwanaume huwa kama 200, kwa mashine nyingi. Ya kijana ilikuwa 9,400.

Na si jambo la kupita usiku mmoja. Watafiti wa Uswidi waliwachukua wanaume 15 wenye afya ambao hawakuzoea vyuma, wakawanyanyulisha uzito kwa saa moja, kisha wakawa wanawapima damu. Matokeo yao yalitoka mwaka 2008: siku saba baadaye AST, ALT na CK zilikuwa bado juu. Saa moja tu hiyo. Tangu niisome kazi ile, kila nikiona mtu anaambiwa ini lake limeharibika kwa AST peke yake, nauma meno.

Hapa niweke tahadhari moja: ukifanya zoezi kali kisha mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi, usisubiri siku saba. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu protini ya misuli iitwayo mayoglobini ikizidi inaweza kuziba figo.

Hofu nayo huichafua damu, tena bila kunyanyua hata kijiko. Mwaka 1913, baada ya mechi ya mwisho na ngumu kuliko zote za msimu, Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, na mwenzake walipima mkojo wa wachezaji 25 wa timu ya chuo. Mpira wenyewe ni ule wao wa kushika kwa mikono. Wachezaji 12 walikutwa na sukari kwenye mkojo, na kati ya hao 12, watano walikuwa wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Mtu wa benchi! Kulikuwa hata na mtazamaji mmoja mwenye sukari. Katika uchunguzi mwingine wa miaka hiyo, wanafunzi tisa wa udaktari walipimwa baada ya mtihani mgumu, wanne wakakutwa nayo. Baada ya mtihani mwepesi alikuwa mmoja tu. Natamani siku moja nipewe ruhusa ya kukusanya vichupa pale Uwanja wa Mkapa, siku ya Simba na Yanga.

Ilikuwaje sukari ikafika huko? Damu yote ya mtu mzima ina sukari ya kama kijiko kimoja cha chai, gramu nne au tano. Ghala liko kwenye ini, kama gramu 100, na jingine kubwa zaidi liko kwenye misuli, lakini misuli ni wachoyo, hawagawi nje. Ubongo ukihisi hatari, neva huziamsha tezi mbili zilizokaa juu ya figo, adrenalini, homoni ya hatari, inamwagwa, na ini linafungua ghala lake. Adrenalini haikai: nusu yake huisha kwenye damu ndani ya dakika chache. Nyuma yake inakuja kotisoli, homoni ya msongo, mwendo wa pole. Hiyo hufika kileleni baada ya kama nusu saa na huchukua zaidi ya saa moja kupungua nusu. Kazi yake ni kuliagiza ini litengeneze sukari mpya, na kuifanya misuli iwe sugu kwa insulini, homoni inayoruhusu sukari iingie kwenye seli. Sote hutupanda kila alfajiri tunapoamka, hata bila tatizo.

Sasa, zoezi nalo linaita homoni hizohizo. Tofauti iko kwenye matumizi. Msuli unaofanya kazi unasogeza milango ya sukari hadi kwenye ukuta wa seli na kuivuta ndani bila kungoja ruhusa ya insulini, na milango hiyo hubaki myepesi kufunguka kwa siku moja au mbili. Kilichotolewa ghalani kinaliwa. Yule wa benchi ametolewa sukari ileile, hana pa kuipeleka. Ila msinishike neno: mbio fupi za kufa na kupona zinaweza kuipandisha sukari kwa muda, kwa kuwa ini hutoa haraka kuliko misuli inavyotumia. Wagonjwa wa kisukari wanaopima kabla na baada ya zoezi wanalijua hili, na wengine huogopa bure.

Kuna mama mmoja mwenye kisukari, namfahamu miaka mingi, sukari yake ya asubuhi inacheza kwenye 7. Akaja na 13. Dawa zilezile, na chakula kilikuwa pungufu kuliko kawaida. Alikuwa ametoka kumzika kaka yake. Siku nne analala chini kwenye mkeka, kama analala kweli. Alikuwa na hakika dawa zake ni feki. Hazikuwa feki. Msiba ulikuwa unaliagiza ini lake kutengeneza sukari usiku kucha, na kongosho lake halina nguvu ya kulijibu. Kwa mtu asiye na kisukari namba isingefika huko, mwili ungejirekebisha. Daktari wake hakubadilisha dozi. Alimtaka arudi baada ya wiki mbili.

Wenzangu wa klabu za jogging watanisamehe, maumivu ya kesho yake si "asidi" iliyobaki miguuni. Laktati, ndiyo hiyo wanayoiita asidi, ikishapanda huondolewa ndani ya saa moja hivi, moyo na misuli yenyewe huichoma kama kuni. Kinachouma keshokutwa ni ile michubuko niliyoisema.

Na kwenye kiti changu pia kuna kemia. Mtu anayeogopa sindano hukunja ngumi na kuifungua, kunja fungua, huku mpira umefungwa mkononi, na wengine huambiwa wafanye hivyo ili mshipa utokee. Misuli ya mkono inaachia potasiamu palepale ninapochota damu, na inaweza kuongezeka kwa kiasi cha 1 kwenye kipimo ambacho kawaida yake ni 3.5 hadi 5.1. Potasiamu ikizidi huogopewa kwa ajili ya moyo, na nimeona mtu anakimbizwa kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kwa ngumi yake mwenyewe. Kwa hiyo mimi husema: fungua kiganja, tulia, nieleze habari za nyumbani.

Kijana nilimwambia apumzishe vyuma siku kumi, arudi. Alirudi ya kumi na moja. AST 29, ALT 24, CK 160. Akaitazama karatasi muda mrefu, akaikunja mara nne tena.

"Kwa hiyo jioni naweza kwenda kupiga tizi?"

Nikamwambia apeleke kwanza karatasi kwa mwajiri.