Mji wa Limone haukupewa jina la malimau

Ukifika Limone sul Garda, mji mdogo kando ya Ziwa Garda kaskazini mwa Italia, utaambiwa umeitwa hivyo kwa sababu ya malimau yake. Wachunguzi wa majina huelekea zaidi kwenye neno la Kilatini lenye maana ya mpaka. Kufanana na "limone", yaani limau kwa Kiitaliano, ni bahati tu (bahati nzuri kwa wauza vikombe vya ukumbusho).

Malimau yenyewe yalikuwa kazi ya gharama. Miti ilipandwa kwenye matuta ya mlimani, kati ya kuta na nguzo ndefu za mawe. Baridi ikikaribia, watu walipanda juu kuziba nafasi kwa mbao na vioo, kipande kwa kipande. Usiku wa barafu waliwasha moto ndani. Ikija joto, vyote vikashushwa. Gharama hiyo ililipa kwa sababu wateja wa Ujerumani na kwingineko kaskazini walilipa vizuri. Ugonjwa wa utomvu, unaofanya magome yatoe gundi, ukaidhoofisha miti, kisha Italia ikaungana mwaka 1861, na malimau ya Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, yanayoiva bila kioo hata kimoja, yakauzwa kwa bei ya chini. Leo nguzo nyingi zimesimama tupu.