Kampasi Inapopasha Joto Mitaa ya Jirani: Visima vya Delft

Katika mitaa ya Voorhof na Buitenhof, magharibi mwa mji wa Delft nchini Uholanzi, yamepangana maghorofa marefu yaliyojengwa zaidi katika miaka ya 1960. Chini ya madirisha ya nyumba hizo hutundikwa rejeta ya chuma, inayofanana kwa kazi na ile ya gari ila kwa lengo la kinyume, maana ya gari hutupa joto lisilotakiwa na hii humwaga chumbani joto linalohitajika. Majira ya baridi yakianza, maji ya moto huzunguka ndani ya rejeta hizo, na katika majengo mengi maji hayo hutoka kwenye boila kubwa la gesi lililofungwa katika chumba kimoja kwa ajili ya ghorofa zima. Upande wa pili wa reli na wa mfereji wa Schie iko kampasi ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, ambako mwaka 2023 mitambo ilichimba visima viwili vyenye kina cha zaidi ya kilomita 2 kwa lengo la kulipatia joto kwanza eneo la chuo, kisha nyumba za mitaa hiyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaposikia neno jotoardhi hukumbuka Olkaria, ambako mvuke wenye joto la zaidi ya nyuzi 200 umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981. Delft haiko karibu na volkano yoyote. Ardhi ya huko ina joto la nyuzi 10 hivi karibu na uso wake, na kila kilomita moja ya kwenda chini huongeza takriban nyuzi 31, kwa hiyo katika kina cha kilomita 2.2 maji yaliyomo ndani ya mchangamawe hukaribia nyuzi 78. Hayo ni maji vuguvugu mno kwa mtu anayetaka kufua umeme, lakini kwa rejeta ya nyumbani yanatosha. Hata Kenya yenyewe haitumii jotoardhi kwa umeme pekee: shamba la maua la Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, limetumia joto la kisima kupasha vibanda vya maua nyakati za usiku ili unyevu upungue na ukungu usishambulie mawaridi.

Kisima kimoja huyatoa maji ya moto, cha pili huyarudisha chini yakiwa yamepoa, na midomo yao ya chini huachanishwa kwa umbali mkubwa ili baridi isiwahi kukifikia kisima cha kwanza kabla ya miongo kadhaa kupita. Maji yenyewe hayaingii nyumbani kwa mtu yeyote. Yana chumvi nyingi kuliko ya bahari na yangetafuna mabomba ya mji mzima, hivyo hupitishwa katika mtambo wenye mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, maji ya chumvi yakipita upande huu wa bamba na maji safi ya mtandao wa mabomba ya mji upande wa pili. Joto huvuka chuma, maji hayachanganyiki.

Haraka ya Waholanzi kuiacha gesi ina historia yake. Mwaka 1959 hazina kubwa ya gesi iligunduliwa Groningen, kaskazini mwa nchi, na katika mwongo uliofuata mabomba yalifikishwa karibu kila nyumba, hata gesi ikawa ndiyo moto wa jikoni na wa sebuleni kwa wote. Uchimbaji ukaifanya ardhi ya Groningen ititie kwa mishtuko. Tetemeko la Huizinge la tarehe 16 Agosti 2012, lenye kipimo cha 3.6, lilipasua kuta za nyumba na kubadili siasa za nishati nchini humo. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 nyumba mpya, isipokuwa kwa ruhusa maalumu, hazikuunganishwa tena na gesi, na tarehe 1 Oktoba 2023 uchimbaji wa Groningen ulisitishwa.

Kwa nini basi kazi ianzie chuoni na si kwenye maghorofa yenyewe? Wengi hudhani jibu ni maprofesa. Kwa maoni yangu jibu kubwa zaidi ni kwamba chuo ni mteja. Gharama ya jotoardhi hulipwa karibu yote mwanzoni, kabla mtu hajauza hata lita moja ya maji ya moto, na mpaka kekee ifike chini hakuna awezaye kuapa kwamba maji yatabubujika kwa wingi unaotarajiwa. Mwekezaji anayebeba hatari ya namna hiyo hawezi kungoja kaya elfu kadhaa zishawishike moja baada ya nyingine. Kampasi ina majengo mengi yenye mwenyewe mmoja, ina mtandao wake wa mabomba na kituo chake cha kupasha maji, na inajua miaka thelathini ijayo itakuwa palepale. Uhakika huo ndio uliofanya kuchimba kuwe na maana, ingawa hata hivyo chuo hakikujitwika mzigo peke yake. Kiliingia ubia na EBN, ambayo ni kampuni ya nishati ya serikali, pamoja na kampuni binafsi. Kwa sababu hiyohiyo, upande wa mitaani wanaotangulia ni mashirika ya nyumba za kupanga: kubadili boila moja katika chumba kimoja ni kubadili nyumba zote zilizo juu yake.

Wazo lilichipuka miongoni mwa wanafunzi wa sayansi za ardhi mnamo mwaka 2007, nalo lilichukua takriban miaka 16 kufika kwenye kekee. Kuchelewa huko kulikuwa na faida moja: visima vilisanifiwa kuwa pia maabara. Vipande vya mwamba vilikatwa na kupandishwa juu kwa uchunguzi, na nyaya za nyuzi za kioo zikafungwa kisimani ili zipime joto kwa urefu wake wote. Kampuni inayotafuta faida pekee huona kusimamisha kekee ili kukata vipande vya mwamba kuwa hasara ya siku.

Hata hivyo, sehemu ninayoiona kuwa muhimu zaidi haiko chini ya ardhi bali ndani ya majengo, na mara nyingi husahauliwa. Mitandao mingi ya zamani ya kupasha majengo ilisanifiwa kwa maji ya nyuzi 90 na kuendelea, kwa kuwa gesi haikuwa na taabu ya kuyafikisha huko. Kisima cha nyuzi 78 hakiwezi. Jengo linalovuja joto kupitia madirisha ya kioo kimoja litabaki baridi hata rejeta zake zikiunganishwa na kisima, kwa hiyo kuziba nyufa, kuongeza vioo na kupanua rejeta ni kazi ya kufanywa kabla. Kuna na hesabu ya maji yanayorudi. Yakitoka nyuzi 78 na kurudi nyuzi 50, kila lita imetoa nyuzi 28. Yakirudi nyuzi 40, lita ileile imetoa nyuzi 38, yaani zaidi ya theluthi moja ya ziada, bila kuchimba hata mita moja. Kampasi yenye majengo ya kila umri inaweza kuyapeleka maji kwanza kwenye jengo kuukuu, kisha yanayotoka humo yakapelekwa kwenye jengo jipya linaloridhika na joto dogo.

Siku za baridi kali kisima hakiongezi kasi, nayo maboila ya gesi yatawashwa kwa saa chache hizo. Kiangazi hali hugeuka: joto hubaki bila mtumiaji, na watafiti wa Delft wanashughulikia namna ya kulihifadhi katika tabaka la mchanga lenye maji, juu zaidi ya visima vikuu, mpaka baridi irudi.

Kwa mpangaji swali ni bei. Tangu sheria ya joto ya Uholanzi ianze kutumika mwaka 2014, kikomo cha bei ya joto la mtandao kilifungamanishwa na bei ya gesi, ili asiyekuwa na gesi asilipe zaidi ya mwenye nayo. Ilionekana haki hadi mwaka 2022, gesi ilipopanda kwa kishindo na kikomo kikapanda nayo, hata kwa joto lisilotoka kwenye gesi. Mpangaji aliyeiona bili hiyo ana sababu ya kusitasita anapobishiwa hodi ajiunge na mtandao huo, na michoro ya visima haitamjibu.

Tena yapo ya jikoni. Bomba la gesi likiondolewa, jiko nalo huondoka, na badala yake hufungwa jiko la umeme la sumaku, ambalo kwa kawaida halipashi sufuria za alumini tupu, zikiwemo zile wanazosafiri nazo ndugu zetu wanaohamia Ulaya. Kipimo ni rahisi: sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji hugusishwa kitako cha sufuria. Ikinata, sufuria inabaki.